Baba, Unamrithisha Nini?

Ewe baba, mwanao wa miaka sita husikia mngurumo barabarani akasema hii Toyota, ile Peugeot, na gari lenyewe hajaliona. Nani aliyemfunza? Si wewe, unayempakata kwenye usukani, hata adhana ya Ijumaa ikakukuta na ndoo ya kuoshea mkononi?

Sisemi gari ni haramu. Suratun-Nahl, aya ya 8, yataja farasi, nyumbu na punda kuwa ni vipando na pambo. Lakini hebu muulize kijana dua ya kupanda chombo, iliyomo katika Suratuz-Zukhruf, aya ya 13 na 14, itukumbushayo kuwa kwa Mola wetu tutarejea. Haijui. Na ufunguo umekwisha muahidi! Au nawe pia huijui?