Hakuna presi? Basi tuulize presi inafanya nini

Nimepotea wiki nzima, na si kwa uvivu. Nilikuwa chini ya gari la mjomba hapa Majengo, Golf ya mwaka 1987 ambayo humbebea mabuyu na kachiri madukani. Gurudumu la nyuma lilikuwa likivuma kama pangaboi bovu, na mjomba akikata kona kushoto mvumo unazidi. Hiyo ni dalili ya beringi ya kulia, kwa sababu uzito wa gari huhamia upande wa nje wa kona.

Fundi wa kwanza alisema kazi hii haifanyiki bila mashine ya presi, na bei aliyotaja mjomba haipati kwa siku tatu. Wa pili alishika nyundo na patasi akataka kuanza papo hapo. Mimi naona wote wawili walikosea, na kosa lao ni moja. Hakuna aliyeuliza presi inafanya kazi gani.

Sisi waandika programu tunalijua jambo hili. Ukikosa kifaa alichokiandika mwenzako, unatazama kinapokea nini na kinatoa nini, kisha unaandika chako. Presi hufanya mambo mawili tu: husukuma pete ya beringi iingie sawa bila kwenda upande, na husukuma ukingo wa pete ile iliyobana, si pahali pengine. Patasi ya fundi wa pili ingechubua njia laini ambamo vyuma vinabingirika, na beringi mpya ingekufa kabla ya kufika Kongowea.

Kwa hiyo tulifanya hivi. (Kwanza: mawe kwenye magurudumu ya mbele, na gogo imara chini ya gari. Jeki peke yake haiaminiki, wallahi.) Pete kuukuu tulizitoa kwenye dramu ya breki kwa kipande cha shaba, pigo huku, pigo kule. Pete mpya zililala kwenye friza ya mamaangu, kati ya barafu za ukwaju. Msicheke, pigeni hesabu. Chuma hupungua karibu sehemu 12 za milioni kwa kila digrii. Pete ya milimita 50 ikitoka digrii 30 hadi 18 chini ya sufuri hupungua karibu milimita 0.03. Ni kidogo, lakini dramu ikiwa imeanikwa juani, pete inaingia bila vita. Na cha kugongea? Pete kuukuu yenyewe, iliyokatwa mfereji kwa grenda ili isinase ndani. Ukubwa wake ni uleule, nayo hugusa ukingo tu.

Halafu ndipo penye raha. Beringi za Golf hii ni za mshazari, mbili kila gurudumu, na nati ndiyo inayoamua zikae vipi. Ukikaza sana zinachemka, ukilegeza sana gurudumu linacheza. Dawa haihitaji spana ya kupimia nguvu. Unakaza huku unazungusha dramu, kisha unalegeza kidogo kidogo mpaka washa iliyo nyuma ya nati isogee kwa ncha ya bisibisi, kwa nguvu ya vidole tu, bila kuikongoa. Kisha kofia ya nati, pini mpya, grisi, basi. Waliolibuni gari hili walijua kuna watu wenye bisibisi tu, nami nawaheshimu kwa hilo kuliko kwa injini yao.

Lakini msije mkafanya hivi kwa gari lolote. Magari mengi ya sasa yana beringi iliyofungwa kabisa, na nyingine zina pete ya sumaku ambayo breki za ABS husomea mwendo wa gurudumu. Sumaku hiyo haivumilii nyundo. Pale presi husukuma kwa kipimo ambacho mkono wako hauwezi, na fundi wa kwanza angekuwa amesema kweli. Kinachoniudhi ni kwamba hakuangalia ni gari gani.

Jana mjomba amevuka Daraja la Nyali kwenda na kurudi. Nilimpigia simu nikamuuliza mvumo. Akasema, "Mwanangu, umekwisha, lakini sasa nausikia mlango wa nyuma." Kesho niko chini tena.