Somo la Muziki Lianzie Nyumbani

Mtahiniwa wa muziki katika KCSE hukabiliwa na karatasi tatu: ya kuimba na kupiga ala, ya kusikiliza, na ya nadharia. Katika hiyo ya kusikiliza, mtoto husikizishwa mahadhi, kisha hutakiwa ayaandike kwa noti juu ya mistari mitano. Wako wazazi huku Likoni, Kisauni na Changamwe wasemao kuwa hayo ni ya wenye piano nyumbani.

Mimi nasema mtoto wetu anayaweza, na sehemu ya kazi amekwisha kuifanya chuoni kwa maalimu wake. Aliyefunzwa tajwidi ajua kuwa iko madda ya harakati mbili, iko ya nne, iko ya sita, na kuzidisha au kupunguza ni kosa. Aliyekaririshwa mashairi ajua mizani nane kwa nane, na mshororo ukipwaya hutambua papo hapo. Mwalimu wa skuli amwambiapo kuwa noti hii ni ya mapigo mawili na ile ya manne, amwambia jambo alijualo kwa jina jingine.

Nisifahamike vibaya. Qur'ani si muziki, hasha, wala siombi ipelekwe kwenye kinanda. Wako masheikh waonao kuwa ala zote ni haramu, na wako waliopambanua. Kila mzazi na amfuate amwaminiye. Lakini ambaye mwanawe ameshachagua somo hili, asimwache akadhani kuwa hana akiba.

Lawama yangu ni kwa namna ya kufundisha. Kinanda cha skuli kina sauti 12 tu, kisha hujirudia. Maqamu ya Bayati, iliyozoeleka katika tarabu, ikianzia Re, sauti yake ya pili hukaa baina ya Mi na Mi iliyoshushwa nusu. Kinandani mahali hapo hapapo. Kwenye udi pako, kwa kuwa shingo yake haina vituo na kidole chenda kitakako. Marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, alikuwa bingwa wa udi hapa hapa Mombasa. Mtoto asiyeelezwa haya atadhani wazee wake waliimba kwa makosa.

Unguja wameonyesha njia. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa mwaka 2002, kimefundisha udi, kanuni na maqamu pamoja na noti za Kizungu, wala moja halikuua jingine. Nasi hatuna kizuizi, kwani muziki wa Kiafrika umo katika mtihani wenyewe. Tena mtaala mpya umeingia sekondari ya juu mwaka 2026, na Sanaa na Michezo ni mkondo mzima.

Basi skuli zetu zisingoje piano. Mwalimu na aanze na shairi: watoto waliimbe, wapige mapigo kwa viganja, ndipo waliandike. Kisha amwalike fundi wa udi, au mpiga sengenya wa Kidigo, alipwe nauli na apewe heshima yake. Mafundi hawa watangulia mbele ya haki mmoja mmoja, na wengi hawakuandika kitu.

Wazazi nao, waendapo mkutanoni skuli, waulize: mwalimu wa muziki yuko? Na fundi gani wa mtaani amekwisha kumwita darasani?