Mwalimu wa maternele si mlinzi wa watoto: tunadai ngazi ya kufika lisansi



Kuna neno tunalisikia kila siku, hata katika midomo yetu sisi wenyewe: "Ule anafundisha ku maternele? Kule si wanaimba tu na kuchezesha watoto!" Leo tunalipinga neno hilo, juu serikali inajificha nyuma yake.

Tuanze na sheria. Katiba ya 2006, kipengele cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za serikali. Tulingoja mpaka 2019 ndipo gratuité ikaanza kutekelezwa nchini kote. Watoto wakajaa madarasani, wengine wakakaa chini. Sawa, mlango ulifunguka. Lakini ulifunguka kwenye mwaka wa kwanza wa primere. Sheria ya masomo ya tarehe 11/02/2014 inaitambua maternele, na inaipa miaka mitatu. Kwa karatasi, iko. Mu mtaa, mzazi ndiye analipa minervali, na asiye na franka anamwacha mtoto nyumbani au anamtuma sokoni pamoja na mama yake.

Na mwalimu je? Mara nyingi ni mama au dada aliyemaliza humanités pédagogiques na kupata diploma ya Etat, kisha akaingia darasani. Katika vile vituo vya jamii vya watoto wadogo, wengi ni watu wa kujitolea waliopewa mafunzo mafupi tu. Wanafanya kazi kubwa na tunawaheshimu. Ila tuulize: baada ya diploma ya Etat, ngazi yao inaendelea wapi?

ISP zetu ziliundwa kwanza juu ya kutayarisha walimu wa sekondari: wa hesabu, wa Kifaransa, wa historia, wa kemia. Kwa hiyo anayefundisha kijana wa miaka 17 tunamdai masomo ya juu. Anayempokea mtoto wa miaka 3, ambaye bado hajui kushika kalamu wala kusema jina lake mbele ya wengine, tunamwambia: "Wewe, inatosha." Nani aliamua kwamba mtoto akiwa mdogo, elimu ya mwalimu wake nayo iwe ndogo?

Tazameni kazi yenyewe. Mtoto anafika akiongea Kiswahili, Kinande, Mashi au Kinyarwanda. Kitabu kiko kwa Kifaransa. Kumvusha kutoka lugha ya mama yake mpaka lugha ya shule bila kumtia haya, hiyo ni kazi inayojifunzwa. Kutambua kwamba mtoto "mtundu" kumbe hasikii vizuri, inajifunzwa. Kumfundisha kuhesabu kwa vifuniko vya chupa na mawe, halafu kujua ni lini yuko tayari kwa namba za ubaoni, inajifunzwa. Hata ule wimbo mnaoucheka: mwalimu anayejua kazi anauchagua ili mtoto apate maneno mapya, asikie sauti zake, na ajifunze kungoja zamu yake.

Na sisi wa mashariki tuko na sababu nyingine. Tangu mwanzo wa 2025 Goma na Bukavu ziko mikononi mwa M23, na hata mbele ya hapo watoto wetu walikuwa wanazaliwa na kukulia katika kambi za wakimbizi. Mtoto aliyesikia mabomu anaweza kunyamaza kwa miezi, au kupiga wenzake kila siku. Fimbo haimponyi. Anahitaji mtu aliyesoma saikolojia ya mtoto, na aliyefanya stage chini ya macho ya mwenye uzoefu. Wanaosema "hii si wakati, kuna vita" wanasahau kwamba watoto hao hawatangoja amani ndipo wakue.

Sasa, tuwe waangalifu. Kuna mtego. Waziri anaweza kuamka siku moja na kutia sahihi: "Kila mwalimu wa maternele awe na lisansi." Matokeo yake tunayajua. Mama aliyefundisha miaka 15 anafukuzwa. Shule za watajiri zinachukua wachache wenye karatasi, na minervali inapanda. Hiyo siyo tunadai. Sisi tunadai ngazi ambayo mama huyo mwenyewe anaweza kuipanda.

Na ngazi hiyo inawezekana. Sistemi ya LMD, ambayo serikali yenyewe ilileta katika vyuo vyetu, inahesabu masomo kwa kredi: 60 kwa mwaka, 180 kwa lisansi. Basi kredi zinaweza kukusanywa polepole. Mwalimu asome Julai na Agosti, wakati wa vakansi kubwa, na siku za posho mwaka ukiendelea. Darasa lake mwenyewe liwe mahali pa stage. Uzoefu wake upimwe na jury, na upewe kredi zake. Wenye ujuzi tuko nao: tangu wakati wa UNAZA, mu 1971, Kisangani ilikuwa makao ya saikolojia na pedagojia kwa nchi nzima. Kinachokosekana ni nia.

Kwa hiyo tunadai:

1. Kila mkoa uwe na ISP moja ya serikali, angalau, yenye lisansi ya elimu ya watoto wadogo, na shule ya maternele ya mazoezi pembeni yake.

2. Walimu walio tayari kazini waingie kwa uzoefu wao na kwa mtihani wa haki, bila mtu kuomba "kitu kidogo".

3. Minervali ya chuo ilipwe na serikali kwa wale watakaokubali kufundisha katika maternele za serikali na vituo vya jamii.

4. Anayepanda ngazi apande pia mshahara. Mwalimu apewe matrikule, na asiachwe "NP" miaka na miaka. Lisansi bila mshahara itamtoa maternele na kumpeleka sekondari au ONG.

5. Mu Novemba 2022, mkutano wa UNESCO kule Tashkent ulizitaka nchi zipatie masomo ya watoto wadogo angalau 10% ya pesa za elimu. Wabunge watuonyeshe mstari huo katika bajeti ya Congo, kwa namba.

Na wewe unayesoma hapa, usingoje Kinshasa. Kama uko ISP, mwulize secrétaire général académique wiki hii: filiere ya maternele iko wapi? Kama una mtoto au mdogo wako ku maternele, mwulize mwalimu wake analipwa ngapi, na kama angependa kusoma zaidi. Andika jibu, bila jina lake, utuletee. Tutayakusanya majibu yote na kuyaweka mbele ya wabunge wa kila mkoa.