Bunduki Kubwa kwa Mnyama Mkubwa: Nusu ya Ukweli

Watu wengi huamini kwamba bunduki yenye mtutu mpana ndiyo ipenyayo zaidi mwilini mwa mnyama. Imani hiyo ni nusu ya ukweli tu. Anayeitegemea huweza kumwacha mnyama na jeraha la mateso, au kuhatarisha maisha yake mwenyewe. Bunduki za uwindaji zilizobuniwa Ulaya kuanzia miaka ya 1890 ni mfano mzuri wa kulichunguza jambo hili, na hesabu zinazohitajika ni zilezile zifundishwazo katika shule za sekondari.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 wawindaji walitumia baruti nyeusi, ambayo haikuweza kuipa risasi kasi kubwa. Aliyetaka nguvu zaidi kwa ajili ya tembo hakuwa na njia ila kuongeza uzito. Ndipo zikatengenezwa bunduki za namba 4, yaani zile ambazo gololi nne za mtutu wake zilifikia uzito wa ratili moja. Kila gololi ilikuwa na gramu 113 hivi. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alivumbua baruti isiyotoa moshi mwingi. Kasi ikaongezeka, nayo risasi ikawa nyembamba na ndefu, tena yenye gamba gumu la metali.

Yafaa sasa kulinganisha bunduki mbili. Risasi ya Mauser ya milimita 7, ya Ujerumani, ilikuwa na gramu 11.2, na ilitoka mtutuni kwa kasi ya takriban meta 700 kwa sekunde. Nishati yake ya mwendo ni kama jouli 2,700. Bunduki ya Kiingereza ya mitutu miwili itumiayo risasi za .470 Nitro Express hurusha gramu 32.4 kwa kasi ya takriban meta 655 kwa sekunde, yaani jouli zipatazo 6,900. Kwa kipimo cha nishati peke yake, ya pili imeizidi ya kwanza mara mbili na nusu.

Hata hivyo, nyama na mfupa huikinza risasi kwa kadiri ya upana wa uso wake. Kwa hiyo kina cha kupenya hutegemea pia ni gramu ngapi zilizo nyuma ya kila sentimeta moja ya mraba. Mwanafunzi akigawanya tungamo la risasi kwa eneo la duara lake, atapata gramu 27 na nusu kwa Mauser, na gramu 28 hivi kwa .470. Tofauti ni ndogo mno. Ile gololi ya gramu 113, pamoja na uzito wake wote, hupata gramu 20 tu. Ni kwa sababu hiyohiyo mkuki huingia ndani zaidi kuliko jiwe la uzito uleule.

Mskoti W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, aliwaua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa risasi ngumu za Mauser ya milimita 7. Idadi hiyo yatia huzuni leo, lakini wako waitajao kama ushahidi kwamba bunduki ndogo yatosha. Hao nao wamekosea. Bell alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo, na alikuwa mlenga shabaha wa pekee. Faida ya mtutu mpana si kina, bali ni upana wa jeraha, ambao humsaidia mtu wa kawaida aliyekosea kidogo. Ndiyo maana katika nchi kadhaa za Afrika kipenyo cha inchi 0.375, kilicholetwa na kampuni ya Holland & Holland ya London mwaka 1912, kimewekwa kuwa cha chini kabisa kwa wanyama hatari.

Kinyume chake pia ni kweli. Risasi ngumu imfaayo tembo yaweza kumpita ayala mdogo bila kupanuka, naye akakimbia na kufa mbali porini. Mnyama wa namna hiyo huhitaji risasi ya ncha laini, ipanukayo ndani ya mwili.

Watunga sheria wa Ulaya wamelipima jambo hili kwa namba. Sheria ya Ujerumani hudai jouli 1,000 katika umbali wa meta 100 kwa ayala mdogo aitwaye Reh. Kwa ayala wakubwa na nguruwe mwitu, hudai jouli 2,000 na kipenyo kisichopungua milimita 6.5. Kanuni za Uswidi zina busara zaidi. Kwa wanyama wakubwa, risasi ya gramu 10 au zaidi yatosha ikiwa na jouli 2,000 katika umbali huo, bali ile ya gramu 9 hadi 10 sharti iwe na jouli 2,700. Upungufu wa uzito hufidiwa kwa nishati. Hapo imekubaliwa kwamba kipimo kimoja hakitoshi.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na wanafunzi wengi hawatashika bunduki maishani. Lakini askari wa wanyamapori bado huitwa vijijini nyati au tembo anapohatarisha watu, na nyati aliyejeruhiwa vibaya ni hatari kuliko yule asiyeguswa. Hivyo hapana budi mwalimu afundishapo nishati ya mwendo aongeze swali la pili: je, nishati hiyo imebebwa na uzito gani, juu ya uso wenye upana gani? Kanuni ya nishati ni sahihi, lakini haikukusudiwa kujibu kila swali.