Tusihadaiwe na Namba ya Prosesa

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ilinijia mwezi wa Oktoba mwaka 2025, nilipomzuru dada yangu huko Silibwet, Bomet. Bonasi ya chai ilikuwa imelipwa, nayo ilikuwa duni kuliko ya mwaka uliotangulia. Hata hivyo, dada yangu alikuwa ametimiza ahadi aliyompa mwanawe alipomaliza kidato cha nne: alimpa fedha akanunue kompyuta ya michezo.

Kijana alirejea kutoka mjini na kompyuta iliyokwisha kutumika ofisini ng'ambo, yenye kibandiko cha Core i7. "Mjomba, hii ni saba. Ya jirani ni tano tu," akaniambia kwa fahari. Jioni tulijaribu kufungua mchezo wa kandanda wa miaka hii. Ulikataa katakata. Niliposoma jina kamili la prosesa, nikaona i7-2600, chombo kilichoingia sokoni mwaka 2011. Dada yangu alinyamaza, akatazama mikono yake iliyochuma majani hayo mwaka mzima.

Ndugu msomaji, sisi wa Kericho na Bomet ndio tungepaswa kuwa wa mwisho kuhadaiwa hivyo. Chai yetu huenda mnadani Mombasa ikiwa imeandikwa PF1 au BP1. Alama hizo hueleza ukubwa wa chembe, wala hazielezi ubora. PF1 ya kwetu hununuliwa kwa bei ya chini kuliko PF1 ya Mlima Kenya, na kila msimu wa bonasi twalilalamikia jambo hilo. Mnunuzi wa Mombasa haridhiki na alama, huonja kwanza. Mbona sisi twanunua prosesa bila kuionja?

Kuionja prosesa ni kulisoma jina lake lote. Saba ni daraja tu. Kizazi ndicho kinachofuata kistari. Katika i7-2600, kizazi ni cha pili; katika i5-8500 ya mwaka 2018, ni cha nane. Hiyo "tano" ina viini sita, hali "saba" ile ina vinne. Isitoshe, sehemu ya picha iliyomo ndani ya i7-2600 haiifahamu DirectX 12, ambayo michezo mingi ya sasa huihitaji. Windows 11 nayo haiikubali rasmi, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma mwezi ule ule wa Oktoba 2025.

Basi mwenye fedha kidogo afanyeje? Kwa maoni yangu, njia ni mbili. Ya kwanza ni kununua prosesa yenye picha za kutosha ndani yake, kama vile Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021. Ina viini sita, na huendesha michezo mingi kwa kiasi bila kadi ya picha. Lakini picha zake huazima kumbukumbu ya kompyuta, kwa hiyo heri vipande viwili vya kumbukumbu vinavyosaidiana kuliko kimoja. Njia ya pili ni kompyuta kuukuu ya ofisini, kuanzia kizazi cha nane, kisha kuongeza kadi ndogo ya picha isiyohitaji waya wake wa umeme. Na ajihadhari na prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni: hizo hazina picha ndani, na bila kadi kioo kitabaki cheusi.

Najua wazee watakaouliza kwa nini jasho la chai limwagwe katika michezo. Swali lao lina haki. Lakini kompyuta inayoumudu mchezo humudu pia kuhariri video, kuchora ramani za nyumba na kusomea chuoni. Ile isiyofaa ndiyo hasara kamili, kwani haichezi wala haitamfaa kijana kazini kwa muda mrefu.

Wauzaji nao wana wajibu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zitakazomwezesha kufaidi bidhaa kikamilifu. Kibandiko cha "i7" peke yake hakitimizi haki hiyo. Ninapendekeza kila kompyuta kuukuu iandikwe jina kamili la prosesa na mwaka ilipotoka, sawa na vile unga unavyoandikwa tarehe.

Wazazi wenzangu, kabla ya kutoa shilingi ya bonasi, ulizeni maswali matatu: Ni ya kizazi gani? Ina picha ndani? Ina kumbukumbu kiasi gani? Muuzaji akijibu "ni saba" na kunyamaza, rudini nyumbani na fedha zenu.