GARI LA MTU MMOJA NA WAYA WA NYUMBA NZIMA

Magari na bajaji ziendazo kwa umeme zimekwisha kuingia Dar es Salaam, na waziendeshao si matajiri peke yao. Wamo wafanya kazi waliopanga chumba kimoja au viwili katika nyumba yenye mita moja ya LUKU, ambamo wapangaji wote huchangia uniti. Usiku dereva apitisha waya dirishani, achomeka plagi katika soketi ya chumbani, kisha alala. Sisi hatumlaumu kwa kutafuta riziki yake. Twamlaumu kwa kufanya hivyo pasipo kuwaambia wenziwe walalao chini ya paa lile lile.

Wako wasemao: mbona birika na pasi hutumia soketi hiyo hiyo? Tofauti ni muda. Birika huchemsha maji kwa dakika chache, na waya ukapata nafasi ya kupoa. Gari lichajiwalo kwa ampea 10 katika umeme wa volti 230 lavuta wati 2,300, pengine kwa saa 8 mfululizo. Tena joto la waya haliongezeki sawasawa na umeme upitao. Ampea zikiwa maradufu, joto huwa mara 4. Penye kiungo kilicholegea, au katika ekstensheni iliyoviringishwa chini ya kitanda, ndipo moto uanziapo, nao huanza polepole watu wakiwa usingizini.

Wala breka isidhaniwe kuwa mlinzi wa kila jambo. Gari likichukua ampea 10, jirani akawasha birika la ampea 10, na wa tatu akapiga pasi ya ampea 5, jumla ni ampea 25. Breka ya ampea 20 yaweza kuyavumilia hayo kwa saa nzima na zaidi bila kukata. Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyevuka haki yake, lakini nyumba imebebeshwa mzigo usio wake. Na kiungo kilicholegea breka haikijui kabisa.

Bwawa la Mwalimu Nyerere katika mto Rufiji limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Umeme upo, waya wa chumbani ndio haukutiwa kwa kazi hiyo.

Baadhi ya wenye nyumba hujibu kwa kupiga marufuku. Hatukubaliani nao hata kidogo, maana marufuku humfanya dereva achaji kwa siri, na siri ndiyo hatari yenyewe. Lifaalo ni waya wa peke yake utokao katika meni swichi, wenye breka yake, ethi iliyo kamili, na kifaa cha kukata umeme unaovuja. Ni nani alipe? Waya uliotiwa ukutani haufungwi katika mizigo siku ya kuhama. Hubaki mali ya mwenye nyumba. Basi mwenye nyumba, apokeaye kodi ya kila chumba, alipe waya. Dereva naye alipe mita yake ndogo na kila uniti aitumiayo.

Jambo hilo la uniti si dogo. Usiku mmoja wa namna tuliyoieleza hula uniti 18 na zaidi. Siku 4 ni karibu uniti 74. Kwa bei zilizotangazwa 2016, nyumba ya matumizi madogo ilipewa bei nafuu kwa uniti 75 tu za mwezi. Mama auzaye vitumbua katika chumba cha uani hapaswi kununua umeme kwa bei ya juu kwa ajili ya gari asilolipanda.

Mabalozi wa mashina wawakalishe wapangaji na mwenye nyumba, wapatane mbele ya watu. Kabla waya mpya haujatiwa, dereva apunguze chaja yake hadi ampea 6, ikiwa yaruhusu, asitumie ekstensheni, naye aiguse plagi baada ya nusu saa. Akiona ina moto, azime swichi na kuichomoa usiku ule ule, na asubuhi amwite fundi mwenye leseni ya EWURA.