Sarafu ya Kibaki si dhahabu, jamani!

Nimechoka. Kitale naombwa elfu kumi kwa ile sarafu ya shilingi 40 ya mwaka 2003, yenye sura ya Kibaki. Bungoma naombwa elfu mbili. Ushahidi? "Angalia kwenye mtandao." Jamani, bei anayoandika muuzaji si bei iliyolipwa! Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na data ya namna hiyo ningeitupa mara moja. Swali la kwanza ni hali yake: wakusanyaji hutumia kipimo cha Sheldon cha 1949, kutoka 1 hadi 70. Huyu wa Kitale ameisugua kwa mchanga ili ing'ae (lo!), kumbe kusugua ndiko kunakoiua thamani. Haijapimwa? Basi natoa mia mbili. Ukikataa, kanunulie sukari.